Mtoto anapotaka kuwa munganga wa meno, tumsaidie namna gani?

Siku moja ya Yenga, baada ya ibada hapa Bukavu, mama mmoja alituletea binti yake tumwombee apokelewe kwenye masomo ya unganga wa meno. Tuliomba. Kisha tukamuuliza binti anasoma seksioni gani. Akajibu: ualimu, mwaka wa mwisho. Hapo tukaona kosa letu. Wakati wa kuchagua seksioni, hakuna mtu kanisani aliyezungumza naye.

Ndiyo sababu tunawaandikia wazazi na viongozi wa vijana.

Kwanza, njia inaanzia sekondari. Mtoto mwenye nia hii afazali achague biolojia na kemia mapema. Wa seksioni ingine anaweza kujaribu, lakini atakutana na masomo ambayo wenzake wameyazoea kwa miaka minne. Tena, asilimia 50 inatosha kupata Diploma ya Serikali, lakini kitivo cha tiba kinaweza kudai zaidi, ao kuweka mtihani wa kuingia. Muulize mapema.

Pili, mahali. Mjini kwetu tiba inafundishwa katika UEA, chuo cha makanisa yetu ya Kiprotestanti, katika UCB cha Wakatoliki, na katika UOB cha Serikali. Lakini tiba ya kawaida si tiba ya meno. Kitivo cha meno kinachojulikana zaidi katika inchi yetu ni cha Chuo Kikuu cha Kinshasa, na kutoka hapa watu huenda Kinshasa kwa ndege. Tangu vita ilipoingia mjini Februari 2025, safari hiyo imekuwa nguvu sana. Wengine wanatazama ngambo ya Ruzizi, Kigali, ao Kampala kwenye Makerere. Huko wanafundisha kwa Kiingereza, na diploma yetu sherti ilinganishwe kwanza na ya kwao. Hiyo inaomba miezi na pesa.

Tatu, mahesabu. Yesu alitoa mfano wa mtu anayejenga mnara: huketi kwanza na kuhesabu. Jamaa ihesabu miaka yote, si mwaka wa kwanza tu. Na kwenda mbali si kupotea. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Bukavu, alisomea tiba Burundi, akarudi kutumika Lemera, na mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi.

Ine, rushwa. Kuna watu wanaoahidi nafasi kwa dola za mkononi. Tusimshukuru Mungu kwa kitu tulichonunua kwa siri. Munganga aliyeingia kwa uongo atashika kinywa cha mgonjwa kwa ujuzi gani?

Katika vijiji vyetu vingi jino likiuma hungolewa tu. Tunahitaji watoto hawa. Basi kila parokia iweke mtu mmoja wa kuzungumza na watoto kabla hawajachagua seksioni, na mfuko mdogo wa kulipia dosie zao.

Binti yule sasa anajifunza kemia kila jioni pamoja na mwanafunzi wa tiba wa kanisa letu. Hatujui kama atapokelewa. Tunaendelea kumwombea, na safari hii tunamnunulia pia daftari.