Dawa za Kulevya Zisizonuka: Dalili za Kuangalia kwa Vijana Wetu

Wengi wetu tulikulia mitaa ambako bangi ilitambulika kwa harufu na mlevi kwa mwendo. Kwa hiyo hapa Marekani kijana akirudi nyumbani hanuki kitu, mzazi anaridhika. Tusiridhike upesi. Vifo vingi vya vijana vinavyotokana na dawa za kulevya vinahusishwa na fentanili, ambayo huwekwa kwenye vidonge bandia vinavyofanana na vya duka la dawa na kuuzwa kupitia simu. Nguvu yake ni takriban mara 50 ya heroini. Miligramu 2 tu zinaweza kuua.

Cha kuangalia ni mabadiliko. Mtoto aliyependa mpira kauacha, marafiki wa zamani hawaji tena, usingizi umevurugika, hasira za ghafla, pesa zinapotea ndani. Tazama macho: bangi huyafanya mekundu, na dawa za jamii ya fentanili huzifanya mboni kuwa ndogo mno hata gizani. Vipande vya karatasi ya fedha vilivyoungua, mirija iliyokatwa, au kifaa kinachofanana na flashi ya kompyuta chenye harufu ya matunda navyo vinahitaji maelezo. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu, kwani ujana una misukosuko yake. Zikija kadhaa kwa pamoja na kudumu, chukua hatua.

Kuna dalili ambazo hutupita kwa sababu mtoto ndiye anayetusomea barua za shule. Ujumbe wa utoro ukija kwa Kiingereza, yeye ndiye mfasiri. Omba shule ikupe mkalimani, na hospitalini vilevile. Huduma hiyo hulipii.

Ukishashuku, keti naye akiwa timamu. Mwambie ulichokiona, kisha umsikilize. Mpeleke kwa daktari wake, maana uraibu ni ugonjwa unaotibika. Kumrudisha Afrika ili "akanyooke" si tiba. Unga wa heroini upo Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam pia. Ndiyo maana Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, mwaka 2011.

Kila nyumba iwe na naloksoni, dawa ya kupulizia puani inayomzindua aliyezidiwa na fentanili, ijulikanayo kama Narcan. Tangu 2023 inauzwa bila cheti cha daktari. Ukimkuta kijana haamki, anakoroma kwa kukwama au pumzi ni za kuhesabu, na midomo imekuwa ya kijivu, piga 911 na umpulizie. Kama hajaamka baada ya dakika 2 au 3, rudia kwenye tundu la pili la pua. Akianza kupumua, mlaze kwa ubavu na usimwache: dawa hiyo huisha nguvu na pumzi zinaweza kukatika tena, kwa hiyo lazima afike hospitali. Hata kama ulikosea kudhani, naloksoni haitamdhuru. Aibu ya jirani kuona gari la wagonjwa mlangoni isimchelewishe mtu kupiga simu.