Kiangazi kinaingia, bustani ya wagonjwa inatungoja

Mvua za mwisho zinatuaga. Asubuhi ukungu unakawia juu ya ziwa, jioni baridi inashuka mapema, na vumbi limekwisha kuanza kupanda kwenye barabara ya Panzi. Bado siku chache tu, halafu tutasahau mvua mpaka Septemba. Ndiyo sababu Jumamosi mbili mfululizo tulikuwa na majembe na panga katika parsela ndogo nyuma ya nyumba ya wagonjwa tunayoisaidia hapa Ibanda.

Wengi wenu mnaijua nyumba hiyo. Wanaolala pale ni wale ambao jamaa zao wameambiwa kwamba dawa ya kuponya haiko tena: kansa ya kizazi, kansa ya matiti, figo zilizochoka. Kinachobaki ni kuwapunguzia maumivu, kuwaosha, kuwageuza kitandani na kukaa nao. Madaktari wetu wanaita kazi hiyo swa paliatifu, na ndugu zetu wa Tanzania wanasema tiba shufaa. Aliyeipa sura tunayoijua leo ni Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa nesi kabla ya kuwa daktari, ambaye alifungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967. Karibu zaidi na sisi, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993, na huko wanatumia morfini ya kunywa, unga uliochanganywa na maji, ambayo mgonjwa anaweza kupewa hata nyumbani kwake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 100 wanaohitaji matunzo ya namna hii duniani, wanaoyapata ni kama 14 tu. Nyumba yetu ina vitanda vichache, lakini kwa hesabu hiyo si kitu kidogo.

Bustani inaingia wapi? Kila mama aliyewahi kulaza mtu anajua jibu. Kwetu mgonjwa analishwa na jamaa. Yule anayemlinda ndiye anayepika, na akitoka mbali, Walungu au Kabare, pesa inakwisha kabla ya wiki ya pili. Lengalenga ya kukata karibu na mlango, kitunguu, poaro mbili za kutia ladha kwenye supu ya mtu asiye na hamu ya kula: hivyo ndivyo bustani inavyotoa. Lengalenga inafaa sana kwa sababu haikawii. Kwa wiki nne hivi unaanza kukata.

Mwaka jana tulikosea, na ni vizuri tuseme wazi. Katikati ya Mei tulijaza parsela nzima nyanya, kwa furaha nyingi na bila kufikiria maji. Julai bomba likakauka. Kila mmoja alidhani mwenziwe amepita kumwagilia, na waliopita walimwagilia saa sita mchana, jua likiwa kichwani. Tulivuna ndoo moja ya nyanya ndogo zenye ngozi ngumu. Wagonjwa waliona yote kutoka dirishani. Hilo ndilo lililotuumiza.

Safari hii tumebadilisha. Vile vitanda vya mboga tulivyoviinua wakati wa mvua ili maji yasioze mizizi, tumevisawazisha na kuvifanya viwe chini kidogo ya njia, ili kila tone libaki pale pale. Juu yake tumetandika majani makavu na migomba iliyokatwakatwa, tukiacha nafasi kuzunguka shina lisije kuoza. Tumepunguza eneo: vitanda vinne tu, vile tunavyoweza kunywesha kwa bidoni hata bomba likikataa. Mapipa mawili yamewekwa chini ya bati kupokea mvua hizi za mwisho, nayo yamefunikwa kwa chandarua kilichochakaa, maana hatukwenda pale kuwafugia wagonjwa mbu. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanaingia bustanini. Maji ya kufulia mashuka ya wagonjwa hayaingii kabisa, hata kama yanaonekana safi. Na mbolea ya ng'ombe isiguswe na mtu mwenye kidonda, awe mgonjwa au mlinzi, kwa sababu pepopunda inakaa katika udongo na samadi.

Kulikuwa na ugomvi kidogo juu ya maua. Baadhi yetu walisema ni aibu kumwagilia maua wakati watu wanakosa mboga. Hoja ni nzito, tuliijadili mpaka giza likaingia. Kisha mama mmoja mgonjwa, ambaye hali chochote tena isipokuwa uji, alituambia kwamba mboga si zake, lakini ua lile karibu na dirisha ni lake. Tuliacha mstari mmoja wa maua chini ya madirisha. Mwenzetu mmoja bado hajakubali, na tunamheshimu kwa hilo, kwani ndiye anayeleta majani ya kutandika kuliko sisi wote.

Sasa jambo ambalo hatukulitazamia. Jumamosi ya kwanza tulimkuta pale binti anayemwagilia vizuri kuliko watu wazima, polepole, kwenye shina, bila kulowesha majani. Sisi tulio walimu tulimtambua kwa namna alivyokwepa macho yetu. Yuko primari ya sita. Tangu mwanzo wa Mei hakuonekana darasani, kwani mama yake amelazwa pale na hakuna mtu mwingine wa kumlinda. Mtihani wa taifa wa kumaliza primari uko mbele, na akiukosa, mwaka mzima umekwenda. Mama mwenyewe ndiye aliyetuomba, kwa sauti ndogo, mtoto asikose.

Kwa hiyo orodha ya kumwagilia imekuwa pia orodha ya kukaa kitandani. Anayekuja asubuhi ananywesha vitanda vinne kabla jua halijapanda, halafu anabaki na yule mama mpaka binti arudi shule. Anayekuja saa kumi na moja jioni anamwagilia tena, na mmoja wa walimu anapitia hesabu na binti, chini ya mti wa avoka. Wiki hii amekwenda siku nne.

Tumejaza siku zote isipokuwa Jumatatu asubuhi na Alhamisi asubuhi. Tunatafuta wamama wawili wenye moyo wa kukaa kimya na mgonjwa. Kujua kulima si lazima. Jumamosi ijayo tunaanza saa moja kamili. Kila mmoja alete bidoni ya lita ishirini, na mwenye mche wa lengalenga au poaro auleteni umefungwa katika jani la mgomba lenye unyevu. Glavu tunazo jozi sita.