Popo si Ndege

Huku kwetu Kipawa jua likituapo popo huruka juu ya miembe, na watoto husema ya kuwa ni ndege. Tusiwakemee, bali tuwaulize: Je, popo ana mdomo mgumu kama wa kuku? La, ana meno, na mwili wake una nywele. Je, hutaga mayai? La, huzaa, naye humnyonyesha mtoto wake. Basi yumo katika jamii moja na mbuzi na paka, yaani mamalia, ajapokuwa na mabawa.

Vivyo hivyo nyangumi na pomboo: hukaa baharini kama samaki, lakini huvuta pumzi kwa mapafu, nao hunyonyesha. Mtaalamu Carl Linnaeus wa Uswidi aliwatia katika jamii ya mamalia mwaka 1758. Buibui naye si wa jamii ya nzi: nzi ana miguu 6, buibui 8.

Mtoto akikariri majina tu, huyasahau upesi. Bali akizoezwa kuhesabu miguu, kutazama ngozi na kuuliza namna ya kuzaa, hadanganyiki kwa mabawa wala kwa mapezi.