Muuaji Anayechekesha na Sauti ya Mfasiri

Tamthilia ya uhalifu yenye kuchekesha ni ile ambayo mtu anauawa, mtazamaji anajikuta anacheka, kisha anaona haya kwamba amecheka. Wazungumzaji wa Kiswahili hawakungoja televisheni ili waijue hali hiyo. Mtani anayefika msibani huigiza mwendo wa marehemu, hudai deni ambalo halikuwapo, pengine hushuka kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe, na wafiwa hucheka machozi hayajakauka. Haitwi mkosefu wa adabu, kwa kuwa kila aliyepo anajua nani ana ruhusa ya kutania na nani hana. Kwenye televisheni ruhusa hiyo haijulikani iko kwa nani, na hapo ndipo watazamaji wanapogawanyika.

Mfano unaotajwa sana duniani ni Fargo, tamthilia ya Marekani iliyoanza mwaka 2014 chini ya mwandishi Noah Hawley, ikiazima jina na mandhari ya filamu ya ndugu Joel na Ethan Coen ya mwaka 1996. Kila msimu una kisa chake na wahusika wake. Kila sehemu hufunguliwa na maandishi yanayodai kwamba yote yalitokea kweli, dai ambalo lenyewe ni mzaha, kwa sababu visa ni vya kubuni. Watu wake wengi ni wa Minnesota na majimbo ya jirani, nchi ya theluji, na wanasifika kwa upole wa maneno: huombana radhi kwa jambo dogo, hujuliana hali, humkaribisha mgeni kahawa, na katikati ya heshima hizo maiti inaburutwa nje. Msimu wa nne, wa mwaka 2020, ulipokewa kwa ubaridi. Wengi walilalamika kuwa wahusika ni wengi mno na utani umepungua. Msimu wa tano, uliorushwa kuanzia Novemba 2023 hadi Januari 2024, ukairudisha hamu yao.

Mtazamaji wa Tanzania huuita msimu sizoni, na neno hilo limepanuka hadi kumaanisha tamthilia yenyewe: mtu husema ana sizoni mpya kwenye flashi. Kanuni aliyokua nayo ni fupi, steringi hafi. Steringi ndiye mhusika mkuu, adui ndiye mpinzani wake, na kati yao wapo walinzi ambao kazi yao ni kufa kwa zamu. Kwa hiyo mbele ya hadithi ambayo polisi ni mzembe, muuaji ana adabu na mke wa nyumbani ndiye hatari kuliko wote, swali la kwanza ukumbini huwa: steringi nani hapa? Lisipojibiwa mapema, baadhi huinuka na kuondoka. Sizoni zilizolegeza kanuni hiyo zilikuja taratibu. Prison Break ya mwaka 2005 ilimfanya mfungwa kuwa steringi. Money Heist, iliyoanza Hispania mwaka 2017, ilikwenda mbali zaidi: majambazi wenye ovaroli nyekundu na vinyago vya mchoraji Salvador Dalí wanateka kiwanda cha kuchapia noti, na mtazamaji anaomba wafanikiwe.

Wasomaji wa Kiswahili walikuwa wamekwisha kuzoezwa na vitabu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtoa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Msa ni mpelelezi mwenye kiko na rafiki anayekosea makisio yake mara kwa mara, na makosa hayo ndiyo yanayompa msomaji nafasi ya kutabasamu kati ya damu na damu. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba akaja na mpelelezi wake, Willy Gamba, katika miaka ya 1970. Tofauti ni kwamba kitabu husomwa kimya, na sizoni haitazamwi kimya.

Chukua mfano wa Mlalo nchini Tanzania, kaskazini mwa mji wa Lushoto, bonde lililozingirwa na vilele vya Usambara. Milima huyakinga mawimbi ya minara ya televisheni, na katika mazingira ya namna hiyo dishi linalotazama angani ndilo linaloaminika. Asiye na dishi wala king'amuzi ana njia mbili: kibanda cha video, ambacho Watanzania wamekipa jina la kibanda umiza kwa ajili ya mabenchi yake na joto la kubanana, au flashi inayojazwa filamu kwa malipo kidogo na kwenda kuchomekwa nyumbani. Lugha ya nyumbani kwa wengi milimani ni Kishambaa, lugha ya soko na shule ni Kiswahili, na Kiingereza cha Minnesota hakimo katika hesabu. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa tatu, mwenye kusimama kati ya picha na benchi na kusema kinachoendelea.

Mtu huyo ana historia ndefu katika milima hiyohiyo. Vugiri, upande wa Korogwe, ndiko kulikokuwa na makao ya mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliofanya kazi kati ya mwaka 1935 na 1937 kwa fedha zilizotoka zaidi katika shirika la Carnegie la Marekani. Meja L. A. Notcutt na wenzake walitengeneza huko filamu fupi zipatazo 35, waigizaji wakiwa wenyeji, kisha wakazizungusha kwa lori katika Tanganyika na nchi za jirani. Filamu zilikuwa bubu. Maelezo ya Kiswahili na ya lugha nyingine yalirekodiwa kwenye santuri na kupigwa sambamba na picha, na kwa hiyo sauti ya pembeni ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Mojawapo ya filamu hizo ilihimiza kuweka akiba posta, na mafunzo yake yalisimama juu ya kisa cha wizi: wafanyakazi wawili wanalipwa, mmoja anapeleka fedha posta, mwingine anazifukia sakafuni mwa kibanda chake na mwizi anazichukua. Wakoloni walikusudia kufundisha uwekaji akiba. Bila kukusudia, waliwaonyesha watu wa Usambara hadithi ya uhalifu yenye mjinga ndani yake, na mjinga huchekesha popote anapowekwa.

Japani nayo ilikuwa na wasimulizi wa sinema walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia na kuwasemea waigizaji wote. Baadhi yao walikuwa na mashabiki wengi kuliko waigizaji wenyewe, na filamu zenye sauti ziliwaondoa kazini katika miaka ya 1930. Afrika Mashariki mambo yamekwenda kinyume: sauti ilipokuja, msimulizi hakuondoka, alichukua maikrofoni na kuipandia juu.

Nchini Tanzania jina linalotajwa kwanza ni la marehemu Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliyewatafsiria watu filamu ana kwa ana katika kumbi za video kabla tafsiri zake hazijaanza kuuzwa kwenye kanda. Baada yake wakaja wengine wengi, wakiwemo DJ Mark na DJ Murphy. Kenya ina DJ Afro, anayesimulia kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, na Uganda ina mabwana wanaoitwa VJ, wanaofanya kazi hiyo kwa Kiganda. Mfasiri wa aina hii huitazama filamu kwanza peke yake, kisha hurekodi huku akiishusha sauti ya asili kila anapozungumza na kuiacha risasi na muziki vipite. Huwasemea wote, mwanamume na mwanamke, mtoto na mzee. Huwapa wahusika majina ya utani, hueleza mambo yaliyotokea sizoni iliyopita, humkaripia steringi anayechelewa kukimbia, na adui akianguka kwenye ngazi humpa pole ya kejeli. Tafsiri ya neno kwa neno si kazi yake, na hakuna anayemdai hiyo.

Hapa ndipo mapokezi ya tamthilia za uhalifu katika Afrika Mashariki yanapotofautiana na kwingineko. Mtazamaji wa London hubishana na mwenzake kama mwandishi wa sizoni ameharibu au amepatia. Mtazamaji wa kibandani huuliza kwanza, kaitafsiri nani? Sizoni ileile inaweza kusifiwa kwa mkono wa DJ mmoja na kudharauliwa kwa mkono wa mwingine, na isiyotafsiriwa huitwa kavu hata kama imepata tuzo. Kicheko ambacho mwandishi wa Marekani alikifukia ndani ya mazungumzo, mfasiri hukifukua na kukiweka mezani. Utisho hupungua, utani huongezeka, na filamu ambayo haikukusudia kuchekesha hata kidogo huweza kutoka ikiwa komedi ya mauaji.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko Wakaliga, kitongoji cha Kampala, ambako Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? na kuitoa mwaka 2010 kwa bajeti ndogo sana, huku bunduki zake zikiundwa kwa vyuma chakavu. Ni kisa cha genge la wahalifu, kikosi cha jeshi na kapteni anayeuawa usiku, na mpaka filamu inakwisha aliyemuua hajatajwa. Juu ya picha nzima VJ Emmie anapaza sauti, anawashangilia wauaji na wauawa kwa usawa, anawatania waigizaji na kuwaahidi watazamaji vita zaidi. Nabwana hakuhifadhi nakala isiyo na sauti hiyo. Nafasi ya kompyuta ilikuwa ndogo, na ya zamani ikafutwa ili mpya ipate mahali. Iliyobaki duniani, na iliyotazamwa na mamilioni kwa njia ya intaneti, ni ile yenye msimulizi. Mtu hawezi tena kuitenganisha filamu na mapokezi yake.

Watazamaji wenyewe hawakubaliani kuhusu wafasiri. Wapo vijana waliosoma wanaopenda maandishi ya chini ya skrini na kulalamika kwamba DJ hufunika mazungumzo, hubuni maneno ambayo hayakusemwa, na huingiza matusi mbele ya watoto. Malalamiko hayo yana msingi. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili na Azam TV, ikiwemo Sultan, zimewaonyesha watu njia nyingine: kila mhusika na sauti yake, bila mpambe wa pembeni. Upande wa sheria hauna utata mkubwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataza itafsiriwe, na sehemu kubwa ya biashara ya flashi haijapata kumwomba mtu ruhusa.

Hasara nyingine haitajwi sana, nayo ni ya kisanaa. Mfasiri huogopa kimya. Sekunde kumi zisizo na neno humfanya ahisi kwamba benchi litadhani maikrofoni imekatika, na kwa hiyo huzijaza. Tamthilia za aina ya Fargo huishi katika sekunde hizohizo: mtu anatazamwa akifikiri, mlango unaangaliwa muda mrefu kuliko inavyofaa, na mtazamaji hajui kama anatakiwa aogope au acheke. Ukilisema hilo lote kwa sauti, hofu inakimbia na kicheko kinabaki peke yake, kikiwa chepesi zaidi. Mtani mzuri msibani hujua dakika ya kunyamaza, jeneza linapoinuliwa.

Mwisho wa msimu wa tano wa Fargo ni mtihani halisi wa jambo hilo. Dot, mke aliyemkimbia mume wa kwanza, mkuu wa polisi katili anayeitwa Roy Tillman, ameshinda. Tillman yuko gerezani. Ole Munch, muuaji wa kukodiwa, anafika nyumbani kwa Dot kudai deni la zamani kati yao. Mtazamaji aliyelelewa na kanuni ya steringi hafi anajiandaa kwa pambano la mwisho. Badala yake familia inamwambia Munch anawe mikono, inamtia jikoni kukanda unga, inamkalisha mezani na kumpa andazi la nyumbani. Adui hauawi wala hafungwi, anakula. Wapo waliotarajia bunduki wakaona wamepunjwa, na wengi zaidi walilihesabu tukio hilo kuwa bora kuliko yote ya msimu. Katika nchi ambayo mgeni hata akija na ugomvi huanza kwa kukaribishwa chakula, halihitaji kuelezwa. DJ atakayeipeleka sizoni hiyo kwenye vibanda vya Lushoto na Mlalo anaweza kutania katika sehemu tisa za mwanzo apendavyo. Munch akishika lile andazi, anyamaze.