Kalibre moja, bunduki nyingi: ganda la risasi linasema nini?

Kisha mapigano, maganda ya masasi yanabaki ku mashamba, njiani, hata ku uwanja wa shule. Watoto wanayaokota na kuyachezea, wengine wanayauza pamoja na vyuma vya zamani. Watu wengi wanaona ganda tupu kuwa takataka. Kwa mpelelezi ni tofauti.

Tuanze na kalibre. Utasikia mtu anasema "7.62" kama vile ni risasi moja. Namba hiyo inaonyesha tu upana wa mtutu, kwa milimita. Risasi ya AK-47 ina ganda la urefu wa milimita 39. Ya PKM ina milimita 54, na ile ya FAL, bunduki ya Wabelgiji, ina 51. Zote zinaitwa 7.62, lakini hakuna inayoingia mahali pa nyingine. Kumbe ile ya 39 inaingia katika AK, SKS, RPD na Type 56 ya China. Ndiyo maana kundi likinyang'anya masasi ya adui linaweza kuyatumia siku ileile. Marufuku ya silaha ambayo Umoja wa Mataifa uliwekea makundi ya Ituri na Kivu zote mbili mwezi wa saba 2003 inakutana na shida hiyo: risasi haiulizi inapigwa na nani.

Hata hivyo, bunduki mbili za kalibre moja hazilingani kabisa, hata kama zimetoka kiwanda kimoja. Wawindaji wa Marekani wanajua jambo hili, sababu kule wengi wanajaza tena maganda yao. Risasi ikilipuka, ganda linavimba na kubana kuta za chumba cha bunduki. Likitoka, linabaki na umbo la chumba kile. Mwindaji mwenye bunduki tatu za kalibre moja anaweza kukuta ganda lililopigwa na moja linakwama katika ya pili. Kwa hiyo sherti atenge maganda ya kila bunduki, ao ayabane yote kwa mashine yarudi kwenye kipimo cha mwanzo. Hapa kwetu habari hiyo haipo kwa AK: maganda yake mengi ni ya chuma, yametengenezwa kutumika mara moja. Anayewatuma watoto kuyaokota kwa ahadi kwamba yatajazwa tena anawadanganya.

Lakini kile kinachomsumbua mwindaji ndicho kinachomsaidia mpelelezi. Pini ya bunduki inapiga kitako cha ganda na kuacha shimo dogo. Ndoano inayolitoa inakwaruza ukingo. Alama hizo, chini ya hadubini, zinaweza kuonyesha kwamba maganda ya vijiji viwili yalitoka katika bunduki moja. Mara nyingi kwenye kitako kuna pia namba ao herufi za kiwanda na mwaka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, ambao kundi lao liliundwa 2004 kufuatilia marufuku ile, wanatumia alama za namna hiyo kutafuta masasi yalitoka wapi.

Sasa, ganda likitiwa katika mfuko pamoja na mengine mia, hakuna tena anayejua lilianguka mbele ya nyumba ya nani. Familia inayotafuta haki inapoteza shahidi, na aliyepiga anapona.

Kuna pia jambo la haraka zaidi. Katika yale maganda kunakuwa masasi mazima, ao grunedi iliyofunikwa na majani. Risasi mzima ikitupwa motoni ao ikigongwa na msumari inapasuka, na vipande vyake vinaweza kutoboa jicho. Mzazi asimwambie mtoto achague yaliyo tupu. Amwambie asiguse yote. Ukiona kitu, simama, rudi kwa njia uliyokuja nayo, weka alama kwa mbali, mfano tawi la mti, kisha umjulishe shefu wa kijiji ao timu ya kutegua mabomu kama iko karibu. Ukiwa na simu, piga picha kutoka pale uliposimama, bila kusogea.