Kwarara, ndege anayejitaja kwa mlio wake

Alfajiri mjini Bujumbura, kwarara husikika kabla ya kuonekana. Ni ndege wa rangi ya kijivu na kahawia, mwenye mabawa yanayometa kijani na mdomo mrefu uliopinda chini, anaouchomeka katika udongo laini kutafuta minyoo na wadudu. Arukapo hupiga kelele kali, na kelele hiyo ndiyo iliyompa majina mengi.

Waingereza humwita hadada. Jina lake la kisayansi, Bostrychia hagedash, nalo linauiga mlio uleule. Wazulu husema inkankane. Kwa Kiganda ni mpabaana, neno linalosikika kama ombi la kupewa watoto. Kinyarwanda, ndugu wa karibu wa Kirundi, kimepita njia nyingine: nyirabarazana, jina lenye kiambishi cha majina ya wanawake, kana kwamba ndege huyo ni mama wa jirani.

Kiswahili hutumia neno kwarara kwa jamii nzima ya ndege hao, akiwemo yule mweupe mwenye kichwa cheusi. Huyo wa pili aliheshimiwa sana Misri ya kale, ambako maiti zake zilihifadhiwa makaburini kwa wingi. Hata hivyo, katika karne ya 19 alitoweka nchini humo, ilhali huku Burundi, kwenye chemchemi ya kusini kabisa ya mto Nile, jamii yake bado ina makao. Delta ya Rusizi, jirani na Bujumbura, iliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.