Pakiti Moja Katika 22,000

Marekani kuna mtandao uitwao ESnet, unaounganisha maabara za Wizara ya Nishati. Humo hupita data za fizikia na tabianchi, nyingine zikivuka Atlantiki kwenda na kutoka CERN, kule Uswisi.

Wakati mmoja, kadi iliyokuwa ndani ya ruta ya mtandao huo ilianza kuharibika. Ilikuwa kadi ya gigabiti 10 kwa sekunde, na bado ilipitisha karibu mzigo wote. Katika kila pakiti 22,000 za data, ilidondosha moja. Moja tu! Ruta yenyewe haikujua; ukisoma hesabu zake za makosa, mambo shwari.

Lakini mafaili ya safari ndefu yalikokota vibaya. Kwa nini? TCP, itifaki inayosafirisha mafaili hayo, ikikosa pakiti hudhani njia imesongamana. Hupunguza mwendo ghafla, wakati mwingine hadi nusu, kisha huupandisha kidogo kidogo, ikingoja jibu kila hatua. Kompyuta zikiwa jengo moja, jibu hurudi kabla ya milisekunde moja kwisha, na hakuna anayehisi kitu. Toka California hadi Uswisi na kurudi ni zaidi ya milisekunde 100. Mwendo haujapanda sawasawa, pakiti nyingine imeshadondoka, na unashuka tena. Wa karibu hana habari, wa mbali anataabika. Kosa la namna hii ndilo gumu kuliko yote, maana kila ukiuliza jirani, atakuambia kwake ni salama.

Iliyolifichua ni programu ndogo, OWAMP. Kazi yake ni kutuma pakiti ndogondogo mfululizo, kila moja ina namba na saa yake ya kuondoka. Upande wa pili unakagua: ya 7 imefika, ya 9 imefika, ya 8 iko wapi? Saa za pande mbili lazima zilingane barabara, kwa sababu inapimwa safari ya upande mmoja. Njia yaweza kuwa nzima kwenda na mbovu kurudi.

Siku hizi OWAMP imo ndani ya perfSONAR, mkusanyo wa programu huria uliojengwa na ESnet, Internet2, GÉANT ya Ulaya na wenzao. Kompyuta zake hupimana usiku na mchana, hata pasipo mtu aliyelalamika, nami naona hapo ndipo penye thamani yake. Njia ikipita mitandao mitano ya wenyewe watano, wahandisi hupima kipande kwa kipande mpaka kibaki kimoja, ndipo mwenye kipande hicho apigiwe simu.